Fungeni mabanio baada ya mavuno: barua ya wazi kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na jumuiya za watumia maji wa Usangu

Ndugu wajumbe wa Bodi, na ninyi viongozi wa jumuiya za watumia maji na wa skimu za mpunga wilayani Mbarali,

Nawaandikia kuhusu Mto Ruaha Mkuu. Nawaandikia ninyi, wala si wizara au hifadhi, kwa sababu Bodi ndiyo inayotoa kibali cha maji na yenye uwezo wa kukibadili, na jumuiya ndizo zinazoshika funguo za malango ya mabanio yanayoingiza maji kwenye mifereji. Tangu 1993 mto huu umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Zamani ulipungua sana ifikapo Oktoba na Novemba, lakini ulitiririka. Siku hizi huja wiki, na miaka mingine miezi, ambapo kwenye mkondo hakuna ila mchanga na madimbwi machache. Viboko hubanana humo mpaka maji yanakuwa mazito kwa kinyesi chao, samaki huelea wakitafuta hewa, na tembo huchimba mchanga kwa miguu na mikonga kutafuta maji yaliyojificha chini. Mwaka huohuo wa 1993 ndipo Ofisi ya Maji ya Bonde la Rufiji ilipoanzishwa, kwa hiyo tatizo hili mmeishi nalo tangu siku za mwanzo na mnalijua kuliko mtu yeyote.

Ahadi na hatua hazijakosekana. Machi 2001, jijini London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kuwa Serikali inaunga mkono mpango wa kuufanya mto utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Bonde la Usangu na maelfu kwa maelfu ya mifugo yao. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Aprili 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuunusuru mto. Kote huko kulikuwa na nia njema na fedha nyingi. Mto uliendelea kukatika. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba hatua nyingi kati ya hizo zilishughulika na watu na mipaka, ilhali kinachoukausha mto ni maji yanayoendelea kuingia mifereji kuanzia Julai hadi Novemba, wakati mpunga umekwisha kuvunwa na shambani hakuna kitu cha kunyweshwa, au kipo kidogo sana.

Tuanze na jinsi maji yanavyosafiri. Mito mitano hutiririka mwaka mzima kuingia Usangu: Ruaha Mkuu wenyewe, Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera. Inashuka kutoka nyanda za juu, inakatiza ukanda wa mashamba ya mpunga, kisha inaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ni beseni lenye mdomo mmoja tu, nao uko Ng'iriama, ambako kizingiti cha mwamba hukinga maji. Kina cha Ihefu kikiwa juu ya kizingiti, mto unaendelea na safari yake kwenda hifadhini. Kikishuka chini ya hapo hata kwa shubiri moja, hakitoki kitu. Ndiyo maana kukauka kwa Ruaha Mkuu huja kama kukatwa kwa kisu, na ndiyo maana mvua njema ya masika haitoshi kuuokoa. Linaloamua ni kiasi gani cha maji kinaingia Ihefu katika ile miezi mitano ya ukavu, wakati jua linanyonya kutwa na mito yenyewe imekonda.

Utafiti wa Japhet Kashaigili na wenzake ulilinganisha hali ya 1958 na ya 2004. Walikuta kuwa maji yanayoingia Ihefu wakati wa kiangazi yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 70, na eneo la ardhioevu linalobaki na maji kiangazi lilikuwa limepungua kwa takriban asilimia 40. Sababu kuu waliyoitaja ni maji yanayochepushwa na binadamu, hasa kwa umwagiliaji. Walikadiria pia kwamba ili zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo kwa sekunde itoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, panahitajika wastani wa kama mita 7 za ujazo kwa sekunde kuingia Ihefu, karibu mara mbili ya zilizokuwa zikiingia walipofanya utafiti. Hesabu hiyo inatisha kidogo, nami siifichi. Sehemu kubwa ya maji mtakayoyarudisha itapotelea Ihefu kabla haijaona kizingiti. Lakini kupotelea Ihefu si kupotea bure. Humo kuna samaki, kuna ndege, kuna majani mabichi, na Ihefu isiyoshiba haiwezi kumpa mtu mwingine.

Maji hayo yanakwenda wapi basi, kama hayafiki Ihefu? Mtu akisimama kwenye banio lolote la Usangu mwezi wa Septemba atayaona. Lango liko wazi, au limezibwa nusu kwa mbao na magunia ya mchanga. Maji yanaingia mfereji mkuu ulioota magugu, yanatembea taratibu, yanavuja pembeni na kufanya vidimbwi, yanaingia kwenye majaruba yaliyobaki na mabua ya mpunga wa msimu uliopita, yanatanda humo kina cha vidole viwili na kukauka. Kesho yake yanaingia mengine. Kwa nini lango halifungwi? Wakulima wana jibu, nalo ni jibu la haki: mfereji ndio bomba la kijiji. Watu wanachota humo maji ya kunywa na kupikia, wanafua humo, mbuzi na ng'ombe wananywa humo. Ukifunga banio, umewafungia watu maji.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ufunguo wa jambo lote upo hapa. Chukua kijiji chenye watu 5,000, na kila mtu atumie lita 50 kwa siku, kiasi ambacho kaya nyingi za vijijini hazikifikii. Hizo ni lita 250,000 kwa siku. Mfereji wa wastani unaobeba lita 500 kwa sekunde unapitisha maji hayo yote kwa dakika nane na sekunde ishirini. Saa zote zinazobaki, usiku na mchana, mfereji unabeba maji ambayo hakuna mtu wa kuyanywa. Tunachepusha mto mzima ili kupeleka kijijini maji ambayo kisima kirefu kimoja au viwili, vyenye pampu nzuri na mtu wa kuzitunza, vingeweza kuyatoa. Kwa hiyo anayetaka Ruaha Mkuu utiririke aanze kwa kuchimba visima na kuvuta mabomba kwenye vijiji vilivyo kando ya mifereji. Kisima cha kijiji huwa hakihesabiwi katika bajeti za uhifadhi. Kwa Usangu, ningekiweka mbele ya gari la doria na bango la mpaka.

Zipo hoja zinazopinga maelezo haya, na zinastahili kujibiwa bila kurukwa.

Iliyosikika kuliko zote ni ya mifugo. Kwamba ng'ombe walikuwa wengi kupita uwezo wa ardhi, na kwamba wanakanyaga kingo na kumaliza majani, sibishi. Lakini swali ni la maji. Tuseme Usangu ina ng'ombe laki tatu, na kila mmoja anakunywa lita 40 kwa siku. Hizo ni lita milioni 12, sawa na lita 139 kwa sekunde, pungufu ya theluthi moja ya ule mfereji mmoja niliouzungumzia. Tena historia imetupa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya. Mifugo iliondolewa, kwa gharama kubwa na kwa machungu ambayo familia nyingi hazijayasahau, na viangazi vilivyofuata mto ukakatika vilevile. Anayependekeza leo kuwahamisha watu zaidi ili mto upone anapaswa kwanza aeleze kwa nini uhamisho ule haukuuponya. Ninaamini kabisa kuwa uhifadhi unaoanza kwa kumhamisha mtu kabla ya kufunga lango lisilomwagilia kitu umekosea mpangilio, na unawafanya wananchi wauchukie mto wenyewe.

Wengine wanasema mvua zimepungua na hali ya hewa duniani inabadilika. Mabadiliko hayo ni ya kweli na yatatuumiza zaidi siku zijazo. Ila uchunguzi uliofanyika Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 haukukuta upungufu wa mvua wa kutosha kueleza kwa nini mto ulioishi miaka yote uanze ghafla kukatika. Katika kipindi hichohicho kilichobadilika ni kilimo. Mashamba makubwa ya serikali yalijengwa Mbarali miaka ya 1970 na Kapunga ilipokaribia 1990, na pembeni yake wakulima wadogo wakafungua majaruba mpaka eneo la mpunga, katika miaka ya mvua nzuri, likafika hekta 40,000 hivi. Na kama mvua zitapungua kweli, basi hitaji la kufunga malango kiangazi litakuwa kubwa zaidi, si dogo.

Lipo jambo jingine lililobadilika ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni mabanio yenyewe. Banio la kienyeji lilijengwa kwa mawe, miti na majani. Lilivuja. Kila mwaka mafuriko yalilibomoa na wakulima wakalijenga upya. Miradi ya kuboresha umwagiliaji ikaja na zege na malango ya chuma, ikihesabu kuvuja kule kuwa hasara. Kwa shamba la pale ilikuwa hasara, kweli. Kwa mto ndiyo ilikuwa riziki yake, kwa kuwa maji yaliyovuja kwenye banio la juu yalikuwa maji ya banio la chini, na yaliyovuja la chini yalikuwa maji ya Ihefu. Banio la zege lina uwezo wa kuchota karibu mto wote wa kiangazi. Faraja ni kwamba lina lango, na lango linafungika. Vifaa vya kuurudisha mto vimekwisha kujengwa, kwa fedha za umma na za wahisani, vinangoja uamuzi.

Hoja nzito zaidi ni ya chakula, nami naiheshimu. Mchele wa Mbeya unaliwa nchi nzima, na mpunga umejenga nyumba na kusomesha watoto Usangu kuliko zao lingine lolote. Hakuna ninapoomba eneo la mpunga lipunguzwe. Mpunga wa Usangu unapandikizwa mvua zikiwa zimeanza, unakua masika na kuvunwa kati ya Mei na Julai. Unaishi kwa maji ya masika, ambayo ni mengi mara nyingi zaidi ya yale ya kiangazi. Maji ya Agosti na Septemba hayaongezi gunia hata moja kwenye mavuno hayo. Wanaoyategemea kwa kilimo ni wa makundi mawili. Kuna wenye bustani za mboga, vitunguu na mahindi ya kuchoma, ambao eneo lao ni dogo na wanaweza kuhudumiwa kwa zamu, siku mbili au tatu kwa wiki, badala ya lango kubaki wazi mwezi mzima. Na kuna wanaowahi kuandaa vitalu Oktoba na Novemba ili wavune mapema, wauze kabla bei haijaporomoka. Hawa wataguswa. Sitawaambia kwamba hawatapoteza kitu. Lakini hasara yao inapungua sana iwapo skimu itaweka vitalu vya pamoja karibu na banio, badala ya kila mmoja kuandaa chake mwisho wa mfereji na kulazimisha mfereji wote ujazwe kwa ajili ya kipande cha hatua kumi kwa kumi. Miche ikiwa tayari itahamishwa shambani mvua zikianza.

Kuhusu umeme, ningependa hoja hii iachwe. Wakati wa mgao wa miaka ya 1990 lawama nyingi zilielekezwa Usangu, kwamba wakulima wanakausha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mabwawa hayo hujazwa na maji ya msimu wa mvua, na Mtera hupokea pia maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Nusu mita ya ujazo kwa sekunde ya mwezi wa Oktoba haiwezi kubeba mzigo wa gridi ya taifa. Vivyo hivyo kwa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115: katika maji ya Rufiji, Kilombero unachangia zaidi ya asilimia 60 na Ruaha Mkuu takriban 15. Tukiendelea kumwambia mkulima wa Chimala kwamba afunge banio ili Dar es Salaam iwake taa, atagundua kuwa si kweli, na siku tutakayomweleza sababu ya kweli hatatusikiliza. Sababu ya kweli ni mto wenyewe, viumbe waliomo na watu walio chini yake. Inatosha kusimama peke yake.

Inatosha hata kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya 2009, imepanga nani anatangulia: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kutunza mazingira, kisha ndipo matumizi mengine, umwagiliaji ukiwemo. Katika kiangazi cha Usangu mpangilio huo umepinduliwa, na umepinduliwa kwa makaratasi halali. Vibali vingi vilitolewa kwa kiasi maalumu cha lita kwa sekunde bila kutazama kama ni Machi au Oktoba. Ukijumlisha lita za vibali vya mto mmoja unapata maji ambayo mto huo haunayo wakati wa kiangazi. Mwenye kibali anafungua lango akijua kuwa ana haki, na kwa maandishi anayo. Utaratibu wa zamu walioujenga wakulima wenyewe kabla ya vibali, wa juu kumwachia wa chini, unadhoofika mtu anapoweza kusema: mimi nimelipia. Hapo simlaumu mkulima hata kidogo. Karatasi ndiyo yenye kasoro, na karatasi iko mezani kwenu, ndugu wajumbe wa Bodi.

Najua pia kwamba bwawa la Lugoda kwenye mto Ndembera limezungumzwa kwa miaka mingi, lihifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi. Likijengwa vizuri litasaidia. Ila maji yatakayoachiwa Lugoda yatapita mbele ya mabanio yaleyale, na kama malango yatakuwa wazi yataishia kwenye mabua yaleyale ya Septemba. Kufunga malango ni lazima kwa vyovyote vile, bwawa liwepo au lisiwepo, na kwa kuwa ni rahisi zaidi na ni la haraka zaidi, litangulie.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache. Bodi ivipitie upya vibali vya Usangu, ivigawe vya masika na vya kiangazi, na vile vya kiangazi vitamke sehemu ya mto badala ya lita zisizobadilika, ili mto ukikonda kila mwenye kibali apungukiwe kwa uwiano uleule, mashamba makubwa yakiwa ya kwanza kuonyesha mfano kwa sababu malango yao ndiyo makubwa. Jumuiya zikubaliane tarehe ya kufunga baada ya mavuno na tarehe ya kufungua kwa vitalu, mto kwa mto, na zamu za bustani ziandikwe na kubandikwa ofisi ya kijiji. Pasifungwe lango la kijiji kisicho na kisima au bomba linalofanya kazi. Bodi na Halmashauri ya Mbarali zitoe orodha ya vijiji hivyo na ya fedha zinazohitajika, ili wahisani na Serikali wanaosema wanaupenda Ruaha waone pa kuanzia. Na vipimo vya maji kwenye mabanio makuu, pale Ng'iriama, na hifadhini Msembe vitangazwe kila wiki ya kiangazi, kwenye redio na kwenye mbao za matangazo. Leo mkulima wa Mbarali anaambiwa kwamba anakausha mto asioweza kuuona, na mwongoza watalii wa Msembe anamlaumu mtu asiyejua hata jina lake. Tarakimu zikiwa wazi kwa wote wawili, mazungumzo yatakuwa ya namna nyingine.

Mkipenda anzeni na mto mmoja. Ningependekeza Mbarali au Kimani, kwa kiangazi kimoja, vijiji vyenye visima vikiwa vya kwanza, na vipimo vichukuliwe hadharani kuanzia siku malango yanapofungwa mpaka mvua za kwanza. Kama maji yanayofika Ihefu hayataongezeka, mtakuwa na ushahidi wa kuikataa hoja yangu, na itakuwa haki kuikataa. Yakiongezeka, mito minne iliyobaki itakuwa inangoja zamu yake.